Kosa la Dereva

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Hilo nitalisema mpaka siku yangu ya mwisho. Kitufe nilikibonyeza mimi kwa kidole changu, taa ikawaka, nikamwambia Anyesi, "Tayari, panda." Gogo lilikuwa limekwama kwenye mdomo wa mashine ya kuyatoa magogo maganda, mnyororo umesimama kwa sababu ya kule kukwama, na sisi wawili tukapanda juu kama tulivyozoea, yeye mbele na panga la kukatia maganda, mimi nyuma nikivuta. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, upepo wa Makambako unatutupia vumbi la mbao machoni. Anyesi alikuwa ananieleza kuhusu mshonaji aliyemkosea mikono ya gauni. "Nimemwambia airudie yote, mimi si mtoto wa kipaimara," akasema, akakata ganda la mwisho. Gogo likaachia. Mnyororo ukaondoka, na taa nyekundu bado inawaka. Mimi mashine ilinichukua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Yeye ilimchukua mzima. Kabla sijazimia niligeuza kichwa nikamwona Festo chini, mkono wake uko kwenye boksi lake la vitufe, mdomo wazi. Nikakibeba kile nilichokiona, nikatembea nacho miaka na miaka: Festo, mkono, boksi.

Festo tumemzika mwezi uliopita, kijijini kwao, ndani ndani huko ukitokea Igwachanya. Sikuwa nimesema naye tangu mwaka ule. Nilikwenda msibani kwa sababu mama yake aliniita. Mama yule ni mzee sana sasa, Kiswahili anakisikia kidogo tu, na neno alilonitumia lilikuja kwa Kibena, kupitia kwa binti wa jirani: njoo na wewe uliyebaki. Nilikaa jikoni kwenye moshi na akina mama, nikimenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi nimekibana kwa magoti, na nilichokisikia siku hiyo ndicho kinachonifanya niandike. Mimi niliishia darasa la saba. Nikiandika vibaya nivumilieni, lakini majina nitayataja.

Mwaka ule mimi na Anyesi tulipanga chumba kimoja nyuma ya stendi ya Makambako. Chumba chenyewe ukinyoosha miguu kitandani unagusa ndoo ya maji. Dirisha lilikuwa halina kioo, tuliziba kwa mfuko wa mbolea, na upepo ukianza ule mfuko ulikuwa unapumua kama mtu. Asubuhi ya baridi tuliwasha jiko la mkaa mlangoni, tukachemsha viazi na chai ya rangi, tukala tumejifunga blanketi moja. Anyesi alikuwa mtu wa kusema. Alisema akila, alisema akisuka nywele, alisema amelala. Jumapili Festo alikuja baada ya ibada, anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja na cha kwetu sisi wanawake, na Anyesi anamwambia, "Shemeji yako Eda anakuangalia, kula kwa adabu." Ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili. Imebaki ya tatu.

Kiwanda kilikuwa cha nguzo za umeme. Jina lake silitaji, kimeshabadilisha wenyewe na mabango. Festo aliendesha foko, ile mashine yenye meno mawili inayobeba magogo kutoka uani. Akifika anabonyeza kwenye boksi la chini, mkono wa chuma unainuka kulipokea gogo. Sisi juu tulikuwa na boksi letu: kijani mnyororo uende, nyekundu usimame. Zamani vitufe hivyo viliunganishwa kwa nyaya nene, ukibonyeza umebonyeza. Mwaka ule wakaleta kompyuta, ikafungwa kwenye kabati la bati katikati, na maboksi yote mawili yakawa yanapeleka maneno kwenye hilo kabati. Haikupita wiki tukaanza kuona vituko. Unabonyeza mnyororo usimame, unakwenda. Unabonyeza tena, unasimama. Mara nyingine mkono wa Festo unagoma kuinuka. Tukasema kabati lina pepo, tukacheka.

Alikuja fundi kutoka Dar es Salaam, kijana mwembamba anayeitwa Benedikti, wa kampuni iliyoleta kompyuta. Alikaa na sisi wiki mbili, na chakula alikula tunapokula, kwa Mama Nuru mama ntilie, nje ya geti. Mama Nuru alikuwa anapika maharage ambayo mpaka leo sijapata mfano wake, na alikuwa hamwogopi mtu. Siku moja alimwuliza Benedikti mbele yetu, "Wewe mtoto mwenye kompyuta, wiki mbili unachungulia kabati, umeona nini humo? Au unamtafuta mchumba?"

Benedikti akacheka. Akasema, "Mama, una sufuria ya maharage. Wapishi mko wawili. Wewe unaonja, unakuta haina chumvi, unageuka kuchukua chumvi. Mwenzako naye anaonja wakati huo huo, anakuta haina chumvi, anageuka. Mnatia wote. Nani amekosea?"

"Yule wa pili," Mama Nuru akasema.

"Yupi wa pili? Wote mmeonja, wote mmekuta haina."

Mama Nuru akashika kiuno. "Kwangu haitokei. Kwangu mwiko ni mmoja. Asiye na mwiko haonji wala hatii kitu. Angoje."

Yule kijana alimwangalia mpaka tukadhani ametukanwa. Akasema, "Mama, wewe ungekuja kufanya kazi yangu." Halafu akatueleza, kwa kuchora na kijiti chini kwenye vumbi. Kabati lina ukurasa mmoja. Kwenye ukurasa huo imeandikwa mnyororo ukoje na mkono ukoje. Mtu akibonyeza, kompyuta inauchukua ukurasa wote, inabadilisha neno moja, inaurudisha wote mahali pake. Wakibonyeza wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja anapewa ukurasa wa zamani, na atakayerudisha mwisho anafuta alichoandika wa kwanza bila kujua. Anyesi akauliza, "Na taa?" Benedikti akasema taa inawaka pale pale kwenye kitufe, haiulizi ukurasa. Hilo nalikumbuka vizuri. Wote tulilisikia, na wote tuliendelea kuiamini taa, maana mtu unamwaminije mtu anayekuambia usiamini macho yako.

Mama Nuru akatoa mwiko wake mmoja, mrefu, mweusi kwa moshi, akatupatia. Benedikti akaufunga kamba, akautundika kwenye msumari kati ya boksi la juu na la chini. Sharti likawa hilo: mtu asibonyeze kitu chochote kama hana mwiko mkononi. Ukimaliza unaurudisha. Kubonyeza bila mwiko ikawa mwiko, tukacheka sana na neno hilo, tukawa tunalisema kila asubuhi. Festo ilimbidi ateremke kwenye foko, atembee hatua kumi, achukue, abonyeze, arudishe. Alinung'unika, lakini alifanya. Anyesi akiwa na mwiko juu alimpungia nao kama mama anayemtisha mtoto. "Ngoja hapo hapo, dereva. Mwenye jiko hajamaliza." Miezi mitatu mashine haikutusumbua hata siku moja.

Mwiko ulikuwa wa muda tu, Benedikti alisema hivyo. Dawa yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta, na alikwenda kuiomba kwa meneja, Gervas Kalolo. Ofisi ya Kalolo ilikuwa ya mbao, na sisi tulikuwa tunakula miwa upande wa pili wa ukuta. Tulisikia kila neno. Benedikti alisema, "Mitambo ni mizima. Tatizo ni dereva. Dereva ana haraka, anaandika kabla hajahakikisha mwenzake amemaliza." Kalolo akauliza, "Sasa huyo dereva unambadilisha lini?" Benedikti akasema, "Nipe siku mbili mashine isimame, naweka mwingine." Kalolo akasema siku mbili hana, kuna mzigo wa nguzo unangojewa, na kama kazi inakwenda basi na iende.

Sisi nje tulimgeukia Festo. Mwenzetu mmoja akamwambia, "Umesikia, una haraka, unaletewa mwenzio." Mwingine akasema, "Na kuandika umeanza lini, Festo, jina lako lenyewe unaomba usaidiwe." Festo alicheka nao, ila muwa hakuumaliza. Siku tatu hakula vizuri. Ya nne akajikaza, akaingia kwa Kalolo kumwuliza kama anafukuzwa, na Jumapili alikuja chumbani kwetu amechangamka, akakaa juu ya ndoo, akamwambia Anyesi, "Si mimi bwana. Meneja amecheka mpaka amekohoa. Kasema dereva ni kitu cha ndani ya kompyuta, si mtu. Eti kina jina kama la kwetu." Anyesi akamwambia, "Basi nikupe ugali, au nimpe huyo wa kompyuta?" Mimi nilikuwa kitandani nimegeukia ukuta, nilikuwa na mafua. Nilisikia, sikuelewa. Kitu kisicho na mikono kinaendeshaje? Nikadhani meneja alikuwa anamtuliza mtu asiache kazi.

Miezi mitatu hiyo ilipoisha walikuja wageni, wakubwa wa kununua nguzo, wamevaa kofia mpya nyeupe. Mmoja akaona mwiko unaning'inia, akauliza ni wa nini. Anyesi, kwa kuwa ni Anyesi, akamweleza yote, mpaka chumvi na maharage. Wageni walicheka, na mmoja akampiga picha ameushika. Kalolo hakucheka. Walipoondoka alikuja akiwa na uso umevimba. "Kiwanda cha kisasa kinaendeshwa na mwiko? Mnanifanya nionekane mshamba mbele za watu?" Akaukata kamba, akaubeba mwenyewe mpaka kwenye tanuri la kukaushia mbao, akautupa. Festo alimwambia, kwa adabu, "Mzee, fundi alisema tusiuondoe." Kalolo akamjibu, "Kila mtu na boksi lake. Ukiogopa kubonyeza, rudi Igwachanya ukalime viazi." Benedikti wakati huo alikuwa ameshaondoka. Hakuna aliyempigia. Namba yake alikuwa nayo Kalolo tu.

Siku ya tisa ndiyo ile niliyoanza nayo.

Nililazwa Ilembula wiki sita. Madaktari na manesi wale Mungu awabariki, mimi ni mzima kwa ajili yao. Anyesi alizikwa mimi nikiwa kitandani. Gauni lilikuwa limekamilika, mshonaji alilileta bila kuitwa, wakamvika. Nilipopata nguvu ya kukaa, kiwanda kilikuwa kimeunda kamati, na kamati ilikaa Njombe mjini, kwenye ukumbi wa kukodi wenye mapazia ya harusi ambayo hayakuondolewa, meupe na ya pinki. Walitupa soda na mandazi. Nilikunywa kwa mkono wa kushoto, ikanimwagikia. Festo alikaa peke yake kwenye benchi la ukutani, amevaa koti la suti alilonunua kwa ajili ya harusi, maana hakuwa na jingine.

Benedikti alikuwa ameitwa siku mbili baada ya ajali, akakagua kabati, akaandika ripoti kwa Kiingereza, akaondoka. Kalolo alisimama akaisoma kwa Kiswahili, ametafsiri mwenyewe. Alisoma sentensi moja polepole, kisha akairudia ili iandikwe: "Ajali imesababishwa na kosa la dereva." Festo akasimama, akasema, "Meneja, wewe mwenyewe uliniambia dereva si mimi. Uliniambia ni kitu cha ndani." Kalolo akavua miwani, akamtazama kama anayemwonea huruma. "Mimi sijawahi kusema hivyo. Huyu kijana amechanganyikiwa, tumwelewe, amefiwa."

Wakaniuliza mimi. Walikuwa wameshaambiwa kwamba kulikuwa na maneno yaliyosikika nyuma ya ukuta. Mwenyekiti akasema, "Dada Eda, uliwahi kumsikia fundi akisema lolote kuhusu dereva?" Nikasema ndiyo. Alisema nini? Nikasema, "Alisema dereva ana haraka." Wakati wa ajali Festo alikuwa wapi? "Kwenye boksi lake, anabonyeza." Mwenyekiti akasema asante, kaa. Nikakaa. Nilikuwa na habari ya Jumapili ile chumbani, ya Festo na ndoo na kicheko. Ilikuwa mdomoni. Lakini nilimtazama Festo ana mikono miwili, amepumzisha yote juu ya magoti, na nikanyamaza. Nilitaka awepo mtu. Kabati la bati nisingeweza kulichukia kiasi nilichokuwa nahitaji kuchukia siku ile.

Festo alirudi kwao. Hakuendesha tena kitu chochote, hata baiskeli alikuwa anaisukuma. Ndugu zake Anyesi walimkataza kukanyaga kaburini. Watu wakampa jina, wakamwita Dereva, na watoto wasiojua habari hiyo walikua wakimwita hivyo, wakidhani ni jina la heshima. Miaka mingi baadaye nilikutana naye mnadani. Akavua kofia, akanisalimia kwa Kibena, "Kamwene, dada Eda." Nikapita. Nilimsikia nyuma yangu akisema tena, kwa sauti ndogo, kana kwamba huenda sikusikia mara ya kwanza.

Sasa siku ya msiba. Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, chakula kinapakuliwa, ikafika bodaboda na mtu mnene mwenye mvi, vumbi mpaka kwenye kope. Sikumjua mpaka aliposema jina langu. Benedikti. Alikuwa amekuja Makambako kwa kazi nyingine, akapita kwa Mama Nuru kula, na Mama Nuru kamtwanga na habari kabla hajanawa: "Yule dereva wako amekufa. Uliyemwandikia." Akauliza dereva gani. Mama Nuru akamwambia, "Usijifanye. Si uliandika kosa ni la dereva? Mtoto wa watu amekufa na jina hilo." Benedikti aliniambia aliiacha sahani mezani, akaita bodaboda.

Akanieleza pale nje ya jiko, tumesimama, mimi na kisu bado mkononi. Ile programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na vitufe, inayosoma ukurasa na kuurudisha, Waingereza wanaiita kwa neno hilo hilo la dereva. Hiyo ndiyo aliyoiandika kwenye ripoti. Festo alibonyeza mkono wa chuma uinuke, ndiyo kazi yake, wala hakugusa mnyororo. Mimi nilibonyeza mnyororo usimame. Tulibonyeza pamoja, ukurasa wake ukarudi juu ya wangu, na neno langu la kusimama likafutika. Taa ikabaki inawaka peke yake. "Nilimweleza Kalolo hayo yote," akasema, "mara ya kwanza kabla ya ajali, mara ya pili baada ya ajali. Nilimchorea. Aliniambia kamati imeelewa, jambo limeisha."

Nikamwuliza, "Na wewe ulikuja lini kuuliza limeishaje?"

Akapangusa macho kwa kiganja.

"Kulikuwa na dawa ya siku mbili. Uliijua. Ukaacha watu kwenye mashine na mwiko wa mama ntilie."

Akasema, "Dada, nilikuwa kijana, niliogopa kupoteza kazi." Nikamwambia Festo naye alikuwa kijana. Sikumkaribisha chakula. Ndani, mama yake Festo alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Alituona kupitia mlangoni, akauliza kwa Kibena yule mgeni ni nani na analia nini. Nikashindwa. Mimi kwetu ni Manda, ziwani, Kibena changu ni cha sokoni, cha kuuliza bei ya viazi. Yule binti wa jirani naye hakuwa na neno la kusema kitu kama hicho. Tukamwambia ni rafiki wa marehemu. Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akasema neno ambalo binti alinitafsiria: kwamba mwanawe alimwambia kila mwaka kwamba hakumuua yule msichana, na yeye kila mwaka alimwambia amesamehewa. Hakuwahi kumwambia kwamba anamwamini.

Kwa hiyo naandika. Benedikti, ile ripoti bado unayo, ulinionyesha kwenye simu yako. Itoe, uichapishe, uweke sahihi yako chini ya maelezo ya dereva ni nini, kwa Kiswahili ambacho mtu wa darasa la saba anakielewa, uwapelekee na ndugu zake Anyesi. Mimi nitakwenda na wewe, na nitasema niliyoyanyamazia pale ukumbini, kwa kuwa mimi nami nimo. Nilikuwa na neno moja la kumwokoa nikalimeza, na sitaki mtu aniambie ilikuwa uchungu.

Na wewe Gervas Kalolo. Uko Njombe mjini, umestaafu, watu wanakuamkia njiani. Hukukosea lugha. Kiingereza unakijua, na dereva ulimjua ni nani, maana ulicheka mpaka ukakohoa ulipomweleza Festo. Ulichukua neno moja lenye maana mbili ukachagua ile iliyokuwa na mama. Mama huyo yuko hai, anakaa kwenye mkeka, umri wake haumngojei mtu. Na wewe ni Mbena, umezaliwa humu humu, Kibena ndicho ulichonyonya. Nenda Igwachanya, ingia ndani mpaka kijijini kwao, uliza nyumba ya Dereva, utaonyeshwa. Kaa chini mbele yake, umtafsirie ile sentensi upya.